Umefuata ndoa Mombasa, sasa watafuta kazi: uajiriwe, ufungue chako, usaidie duka la wakwe au ufanye ya mtandaoni?

Mombasa haijawahi kuishiwa na maharusi wa kutoka nje. Wapo waliotokea Tanga wakavukia Horohoro na Lunga Lunga, wapo wa Unguja na wa Ngazija, wapo Waganda waliokutana na wake zao chuoni, na wapo Wazungu ambao likizo ya Diani iliwafikisha kwa kadhi. Harusi ikishapoa na zawadi zikishafunguliwa, wote hujikuta na swali moja: hapa nitafanya kazi gani?

Majibu ya barazani huanzia kwenye pesa. Hoteli yalipa hivi, klering (kazi ya kutoa mizigo bandarini) yalipa vile, fulani auza mahamri na amejenga. Pesa ni muhimu, sibishi. Lakini aliyehamia nchi ya mwenzake ana mambo mawili ya kuangalia ambayo mwenyeji hayamshughulishi. La kwanza ni karatasi gani serikali inataka kabla hajaanza. La pili ni jina la nani litaandikwa kwenye kazi hiyo: kwenye leseni, kwenye akaunti, kwenye risiti, kwenye laini ya M-Pesa. Hilo la pili nitalirudia, maana mjini humu wapo wanawake waliofanya kazi miaka na miaka, na siku ya kuulizwa ushahidi wa kazi yao hawana hata karatasi ya kufungia njugu.

Karatasi kwanza

Kuwa mke au mume wa Mkenya peke yake hakukupi ruhusa ya kufanya kazi Kenya. Wengi hawaamini mpaka waambiwe na mwajiri. Pasi ya mtegemezi, ile ambayo mwenzako anakuombea, inakuruhusu kuishi naye. Haikuruhusu kuajiriwa wala kufanya biashara. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamweka anayefanya kazi bila kibali kwenye hatari ya faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Na sheria hiyo haitaji ajira tu. Inataja pia biashara na taaluma, kwa hiyo "mimi namsaidia tu mume wangu dukani" si kinga ya kutegemea.

Njia zinagawanyika kulingana na pasipoti uliyokuja nayo. Ukiwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mlango ni mpana zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inakubali wafanyakazi kuvuka mipaka ya Jumuiya, na tangu 2024 Kenya ina kibali cha daraja la R kilichowekwa kwa ajili ya raia hao. Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda au Mkongo aanzie hapo, asisumbuke na madaraja mengine. Ada zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu 2023, kwa hiyo usiamini bei ya mwaka jana uliyotajiwa na shoga yako. Fungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, siku unayoomba uione mwenyewe.

Ukitoka nje ya Jumuiya, hesabu hubadilika. Daraja la D ni la kuajiriwa, na mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kueleza kwa nini Mkenya hakupatikana wa kuifanya kazi hiyo. Kampuni ndogo ya Mombasa haina haja ya usumbufu huo kwa ajili ya mpokea simu. Daraja la G ni la biashara, na linataka mtaji usiopungua dola 100,000. Hapo wengi tumeshatoka mchezoni. Daraja la N limeletwa 2024 kwa wanaofanya kazi za mtandaoni na kulipwa na walio nje ya Kenya.

Halafu kuna njia ya subira. Aliyeoana na Mkenya kwa miaka isiyopungua mitatu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na huo unakuja na haki ya kufanya kazi. Ndoa ikifika miaka saba, Katiba ya 2010, ibara ya 15, inakupa haki ya kusajiliwa kuwa raia ukiomba. Zamani mlango huu ulikuwa wa wake wa Wakenya tu. Sasa hata waume wamo. Mtanzania aangalie kabla ya kufika hapo, kwa kuwa nchi yake haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na uraia wa Kenya unaweza kumgharimu ule wa kwao. Mganda hana kizuizi hicho cha moja kwa moja, kwao uraia pacha uliruhusiwa 2009.

Yote hayo, ya miaka mitatu na ya saba, yanathibitishwa kwa cheti cha ndoa. Hapa pwani tuna tatizo letu: nikaha inafungwa msikitini, mashahidi wapo, pilau inaliwa, na cheti hakuna anayekifuata. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, za Kiislamu zikiwemo. Kabla ya kuandika barua hata moja ya kuomba kazi, mshike mwenzako mkono mwende mkakichukue cheti. Kisha ukiwa unakaa zaidi ya siku 90, jisajili upate kitambulisho cha mgeni, kwa sababu nambari ya kodi, yaani PIN ya KRA, huombwa kwa hicho, na bila PIN hakuna mwajiri wa maana atakayekuingiza kwenye orodha ya mishahara. Ofisi za Uhamiaji za Mombasa ziko upande wa Mama Ngina. Maombi yenyewe huanzia mtandaoni, lakini alama za vidole utazipeleka kwa miguu yako.

Kuajiriwa na kukaanga mahamri

Nimeziweka hizi mbili pamoja kwa sababu ndizo zinazoshindana kweli kweli kwa mtu wa kawaida, hasa mwanamke aliyetoka Tanzania akaolewa Kisauni, Majengo au Likoni.

Tuanze na ajira. Usipoteze muda kwenye kazi za serikali na za bandari yenyewe. Hizo zinatafutwa na wenyeji mpaka na wazazi wao, na jina lako la ugenini litaondolewa mapema. Na yeyote atakayekuambia ana mtu wake ndani ya bandari na anataka tu pesa ya chai, mpe chai ya tangawizi umwache aende zake. Kazi za kweli kwa mgeni ziko kwenye kampuni binafsi: klering na usafirishaji, yadi za kontena, hoteli, viwanda vya nguo za kuuza nje (EPZ), shule binafsi, zahanati na maduka ya jumla.

Klering ina jambo moja ambalo mgeni wa Jumuiya anaweza kulitumia. Si mzigo wote wa bandari ya Kilindini ulio wa Kenya; kuna mwingi wa kupita tu. Unakwenda Uganda, Sudan Kusini, Rwanda na Kongo, na Uganda ndiyo inayoongoza. Ofisi inayoshughulika na wateja wa Kampala au Goma inamhitaji mtu anayejua Kiganda, Kifaransa au Kilingala, na anayejua namna watu wa huko wanavyofanya biashara. Lugha hiyo ya kwenu unayoiona ya nyumbani tu, iandike juu kabisa ya wasifu wako. Lakini ujue biashara hii huyumba kwa amri za serikali. Mwaka 2019 makontena yalipoamriwa yapande treni kwenda kukaguliwa Nairobi, ofisi na yadi nyingi za Mombasa zilipunguza watu, na amri hiyo ilipofutwa Septemba 2022 si kila mlango uliofungwa ulifunguliwa tena.

Hoteli nazo huenda na upepo. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, vibarua huchukuliwa kwa wingi kuanzia Nyali hadi Shanzu na ng'ambo Diani. Masika yakiingia Aprili, hao hao hurudishwa nyumbani. Ukianza kuomba kazi ya hoteli Mei, utadhani una mkosi, kumbe umekosea msimu. Peleka barua zako Oktoba.

Sasa mshahara. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua katika Mombasa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Tuseme wewe una elimu kidogo na umepata kazi ya ofisini ya shilingi 25,000. Hati yako ya mshahara itasomeka hivi: NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6, yaani 1,500. Bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, yaani 687.50. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 375. Kodi ya mapato haikufikii, kwa kuwa kinachobaki kiko chini ya 24,000. Mkononi unapata 22,437.50. Toa nauli, tuseme shilingi 120 kwa siku kwenda na kurudi, siku 26: zimebaki 19,317.50. Anayetoka Likoni ana nafuu kidogo, feri haimtozi mtembea kwa miguu.

Upande wa pili, mahamri. Saa tisa za usiku unga umeshaumuka. Umekanda jana baada ya isha kwa tui, hiliki na hamira, umefunika kwa leso kuukuu. Saa kumi karai liko motoni, na mwenye ujuzi humwagia hamri mafuta ya moto kwa upawa, kiwiko kikicheza, mpaka livimbe lenyewe lijigeuze. Lisilovimba haliuzwi, litaliwa na watoto wa nyumba. Adhana ya alfajiri ikilia wateja wa kwanza wako mlangoni na vibakuli vya mbaazi. Saa tatu umeshaosha karai. Kwa mfano wangu, mahamri mia mbili ya shilingi kumi ni 2,000. Unga, sukari, nazi, hiliki, mafuta na gesi vinakula kama 1,500, na mafuta ndiyo mwizi mkubwa. Faida 500. Siku 26 ni 13,000. Mbaazi za nazi za kuuzia huongeza kitu, na mara nyingi ndizo zenye faida kuliko hamri lenyewe. Ramadhani inageuza ratiba yote: asubuhi hakuna mteja, ila kuanzia alasiri kaimati, sambusa na viazi vya karai vinaondoka mpaka unakosa mikono, na mwezi huo mmoja unaweza kufunika miwili ya kawaida.

Kwa hiyo 19,300 dhidi ya 13,000. Ajira imeshinda? Ukiwa na mtoto mchanga, hapana. Mtu wa kumwangalia mtoto kutwa nzima atakula tofauti hiyo yote na pengine kuzidi. Asiye na mtoto, au aliye na mamamkwe mwenye afya na moyo wa kulea, ajira inampita muuza mahamri kwa mbali, na sababu yangu si zile elfu sita. Ni ile 1,500 ya NSSF. Mwajiri naye anaweka 1,500 nyingine, na zote zinaingia kwenye nambari ya uanachama yenye jina lako. Ukibadilisha kazi nambari inabaki. Una hati ya mshahara ya kuonyesha benki, una barua ya ajira, una meneja atakayeandika kwamba anakujua. Muuza mahamri mwenye faida hiyo hiyo miaka mitano hana hata kimoja cha kuonyesha, isipokuwa ajipange.

Na kujipanga kunawezekana. Ukichagua biashara, leseni ya kaunti iombe kwa jina lako, kibali chako kikiwa kimeshatoka. Cheti cha afya cha wapishi, kinachofanywa upya kila miezi sita, kitakuwa chako vyovyote vile kwa kuwa ni mwili wako unaopimwa. Nambari ya Lipa na M-Pesa isajili kwako, isiwe ya shemeji "kwa sababu yeye ana kitambulisho". Wateja wakilipa kwa simu, taarifa ya miezi sita ya M-Pesa inakuwa ndiyo daftari lako, na wakopeshaji huisoma.

Neno dogo kwa wa Tanga na Dar wanaotaka kuleta bidhaa za kuuza: Jumuiya ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, na mzigo wenye cheti hicho hautozwi ushuru wa forodha. Lakini lazima bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya. Mchele, vitunguu, kanga zilizofumwa Tanzania, sawa. Kitambaa cha India hakibadiliki kuwa cha Jumuiya kwa kulala usiku mmoja Kariakoo.

Duka la wakwe

Hii ndiyo kazi inayopatikana haraka kuliko zote. Hakuna mahojiano, hakuna nauli. Baba mkwe ana duka la jumla, wifi ana cherehani tano za kushona madira na mabuibui, mume ana kibanda cha vipuri. Wiki ya pili baada ya fungate ushakaa kaunta. Ukimwambia mamamkwe unataka kazi ya nje atakuuliza kwa upole wa dhati: "Mwanangu, kwani hapa wakosani?"

Na kweli, hukosi kitu. Chakula kipo, nguo ya Idi ipo, pesa ya matumizi yaja ukiomba. Kinachokosekana ni mshahara, na hakuna anayekunyima kwa ubaya. Familia nyingi haziwezi kuwaza kumlipa mkwe kama kibarua. Wanaona ni kumvunjia heshima. Basi miaka inakwenda. Wewe ndiye unayejua mteja gani hulipa mwisho wa mwezi na nani hukimbia, wewe ndiye unayeagiza mzigo, ila leseni ni ya baba mkwe, akaunti ni ya baba mkwe, na PIN yako ya KRA kila Juni inaandikwa sifuri.

Wengine hujifariji kwa sheria. Ni kweli Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu mchango usio wa pesa: kazi za nyumbani, malezi ya watoto, hata kusimamia biashara ya familia. Lakini soma vizuri. Sheria hiyo inahusu mali ya wanandoa. Duka la baba mkwe si mali ya ndoa yako. Hata lingekuwa la mumeo, Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Kila mmoja anaonyesha mchango wake. Na Waislamu wanaruhusiwa na sheria hiyo hiyo kufuata sheria ya Kiislamu, ambako mali ya mke ni yake na ya mume ni yake, jambo ambalo ni zuri sana kwa mke mwenye mali iliyoandikwa na gumu kwa asiye na maandishi.

Je, nasema usiisaidie familia? Sisemi hivyo. Kwa mgeni asiyejua mji, duka la wakwe ni shule nzuri ya miezi ya kwanza, mradi usishike kazi kabla ya kibali. Utajua bei za Marikiti na za Kongowea, utajua nani ni nani, utazoea vishilingi vya Kenya. Ninachosema ni uweke mpaka. Kibali kikitoka, omba malipo, hata yawe madogo, yatumwe kwenye laini yako tarehe moja kila mwezi, na duka likuandikie barua kwamba wewe ni mfanyakazi. Mazungumzo haya afanye mumeo na wazazi wake, usiyaanzishe wewe. Mkwe anayedai mshahara akiwa bado na hina mkononi atasemwa hadi Malindi. Mume asipoweza kuyafanya mazungumzo hayo mepesi, hiyo nayo ni habari ya kukusaidia kuchagua.

Kwa mume aliyemfuata mke, duka la wakwe lina uzito mwingine. Mwanamume anayekaa kaunta ya baba mkwe wake hupigwa vijembe ambavyo mwanamke havimfiki. Niliowaona wametulia ni wale waliopata kazi ya nje mapema, hata ya mshahara mdogo kuliko faida ya duka.

Mtandaoni

Kazi ya mtandaoni inasifiwa kupita kiasi na kudharauliwa kupita kiasi. Inasifiwa na wanaouza kozi za kuifundisha. Inadharauliwa na wakwe wanaomwona mtu amekaa na kompyuta mchana kutwa wakadhani anacheza, kwa hiyo wanamtuma dukani kila nusu saa.

Uzuri wake kwa aliyehamia ni kwamba unaweza kuja nayo. Mhasibu aliyekuwa akiandikia vitabu kampuni ya Dar, mwalimu wa Kijerumani aliye na wanafunzi Berlin, mbunifu wa tovuti, mfasiri: hawa wanahama na wateja wao, na hawana mwezi wa njaa. Ukiwa bado hujahama, hii ndiyo sababu ya kuzungumza na mwajiri wako wa sasa kabla hujaaga. Kwa Kiswahili fasaha kuna kazi za kutafsiri, kunakili sauti na kuandika maelezo ya video, ingawa malipo yake hupanda na kushuka na nyingine hukauka ghafla bila kuaga.

Ubaya wake ni wa karatasi na wa mwanzo. Kufanya kazi ukiwa Kenya ni kufanya kazi, hata mlipaji akiwa Uholanzi; ndiyo maana daraja la N lilianzishwa. Na kwa anayeanza kutoka sifuri, pesa huchelewa kuliko njia nyingine yoyote niliyoitaja. Simshauri mtu aanze kujifunza kazi ya mtandaoni na kuanza ndoa na kuzoea mji mpya kwa wakati mmoja. Kwa kipimo changu cha jina, lakini, hii inashinda zote: akaunti ni yako, wateja ni wako, na mkihamia Nairobi au mkirudi kwenu inakwenda nawe begani.

Wenye taaluma

Hapa nitakuwa mfupi. Muuguzi, usianze kazi kabla ya kusajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Mwalimu, TSC, tume ya walimu, inakuhusu hata kama shule ni ya binafsi. Shule itakayokuambia "njoo tu, hayo tutayamaliza" itakulipa mshahara wa mtu asiye na karatasi. Cheti cha kidato cha nne au cha sita cha nje kinalinganishwa na KNEC, baraza la mitihani; stashahada ni KNQA, mamlaka ya kutambua vyeti. Wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo wa Jumuiya wana mikataba ya kutambuana iliyotiwa saini na bodi zao, kwa hiyo bodi ya kwenu iandikie barua kabla hujasafiri. Vyeti halisi beba kwenye mkoba wa mkononi.

Usajili ukichelewa, chukua kazi iliyo jirani na taaluma yako. Muuguzi anaweza kuwa mapokezi ya zahanati. Atajulikana, na siku usajili ukitoka nafasi itakuwa inamngoja. Bora hivyo kuliko kwenda kuuza simu Digo Road huku ujuzi ukiota kutu.

Nani achukue lipi

Raia wa Jumuiya asiye na mtoto mdogo: kibali cha R, kisha ajira, hata ya mshahara wa kukasirisha, kwa mwaka au miwili. Baada ya hapo biashara, ukiwa na akiba yako, unaujua mji, na mji unakujua kwa jina lako si kwa "mke wa fulani".

Raia wa Jumuiya mwenye mtoto mchanga: chakula cha kupika nyumbani, leseni na simu ya kupokelea pesa vikiwa vyake tangu siku ya kwanza. Achague chakula chenye wateja asubuhi na akiache saa tatu. Wa kupika asubuhi na jioni pamoja hawadumu.

Aliyekuja na wateja wa mtandaoni: asiwaache kwa ajili ya kazi yoyote ya Mombasa. Atafute daraja la N, alipie intaneti nzuri, na amwombe mwenzake awaeleze wazazi kwamba mlango ukifungwa ni kazini.

Mzungu au mwingine wa nje ya Jumuiya, asiye na dola laki moja na asiye na mwajiri wa kumpigania: duka la mwenzake lisimshawishi. Faini ya nusu milioni hailipwi na mahamri. Aitumie ile miaka mitatu kusoma. Kiswahili kwanza, kisha fani moja katika chuo cha hapa baada ya kupata pasi ya mwanafunzi. Siku ukaazi wa kudumu ukitoka, hoteli yenye wageni Wajerumani au Waitaliano itamtaka mtu anayezungumza lugha zao na anayeweza kubishana na mpishi kwa Kiswahili.

Na mkwe ambaye tayari amekaa dukani miaka mitatu au minne, hana kibali, hana malipo, hana karatasi: usiache ghafla. Chukua cheti cha ndoa, ombeni ukaazi wa kudumu sasa kwa kuwa muda umeshatimia, na mwezi ukaazi utakapotoka anza kupokea kitu kwenye laini yako.